Bunduki ya Hatua Kumi na Nne

Mimi sijawahi kutamani nyama ya swala. Nimekulia Machakos kwa mbuzi na kuku, na hata hao kuku walichinjwa na mtu mwingine, kwa sababu damu hunitoa jasho. Lakini baada ya miaka kumi na saba ya kufundisha hisabati hapa Durban, asubuhi moja nilijiita mwindaji.

Kilichonigeuza ni rangi. Mimi na mama watoto tunakaa Queensburgh, nyumba ndogo yenye ukuta mfupi na geti la chuma. Binti yetu wa pekee yuko chuo, amepanga chumba Berea na wenzake. Asubuhi hiyo natoka kwenda kazini, nakuta msalaba mwekundu uliolala, kama alama ya X, kwenye nguzo ya geti, mkubwa kama kiganja. Nikaangalia nguzo ya jirani wa kushoto, safi. Ya kulia, safi. Wageni katika mtaa mzima ni sisi peke yetu. Nikaisugua alama kwa petroli mpaka vidole vikaniwasha, na haikutoka yote.

Miezi ile makundi yalikuwa yanaandamana mjini yakiimba kwamba wageni warudi kwao. Yalisimama kwenye milango ya zahanati kuuliza watu vitambulisho. Mama watoto alisema huenda ni mafundi wa maji wameweka alama yao.

"Mafundi wa maji wanajua nyumba ya Mkenya?" nikamuuliza.

"Punguza sauti, baba watoto. Chai yako inapoa."

Chai! Nilitoka bila kuinywa.

Jioni nikampitia rafiki yangu, Mkongo mwenye duka la simu mjini. Siku hizo alikuwa anafungua nusu ya mlango tu, na ukiingia anachungulia nyuma yako kwanza. Nikamwambia nataka bunduki. Makaratasi ya ukaazi wa kudumu ninayo, kwa nini nisiombe?

"Mwalimu, ile ya kujilinda iko ngumu sasa," akasema. "Balibadilisha masharti. Ukiandika unaogopa watu, batakukatalia. Andika chasse, kuwinda. Andika swala, basi."

Ndivyo nilivyoingia kwenye duka la bunduki siku ya Jumamosi, nimevaa buti nilizonunua siku hiyo hiyo. Muuzaji alikuwa mzee Mhindi, mzaliwa wa Chatsworth, mwenye miwani ya kamba, na swala walikuwa maisha yake. Alinieleza kwamba kila bunduki sasa inaombewa kazi yake, na kazi hiyo inaandikwa. Tena wenye mashamba ya kuwindia walikuwa wamebadilisha masharti yao pia. Hawataki risasi nyepesi kwa swala mkubwa, maana inamjeruhi tu, anakimbia nayo, anakufa porini siku ya tatu.

"Kwa hiyo tuanze na swala wako, halafu tuje kwenye bunduki," akasema. "Unawinda swala gani?"

"Wa kawaida," nikamjibu.

Akacheka, akadhani natania. Akatandika kitambaa cha kijani, akalaza bunduki tatu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya kumfaa funo au mnyama mdogo kama huyo. Ya tatu ilikuwa nzito mno. Ya katikati, ya swala pala, nilipoiweka begani ilitulia yenyewe. Sitaficha, nilijisikia vizuri. Tangu siku ya ile rangi, ilikuwa mara ya kwanza hofu kuniondoka, na ningekuwa na akili hilo lingetosha kunitisha.

"Utapiga kutoka umbali gani?" mzee akauliza.

Nikajibu haraka, kama mwanafunzi aliyeona majibu kabla ya mtihani: "Hatua kumi na nne."

Mzee akavua miwani. Eish, nilijua nimeharibu. Hatua kumi na nne ni kutoka dirisha la sebuleni mpaka getini kwangu. Nilikuwa nimepima mara tatu.

"Swala gani huyo anayekuacha umfikie hatua kumi na nne?"

"Wako wengine... wamezoea watu."

Hakucheka tena. Aliichukua bunduki mikononi mwangu polepole, akairudisha kwenye kabati, akafunga. Hakunifukuza. Alinipa fomu, akanionya kwamba afisa wa polisi atakuja nyumbani na kumhoji mke wangu peke yake. Kisha akanisindikiza hadi mlangoni.

"Bwana, kabla hujavuta," akasema, "ujue kilicho mbele yako ni nini, na nyuma yake kuna nini. Risasi hii haiishii kwa unayemtaka."

Nikasema sharp, yaani sawa, nikaenda zangu. Njiani nikamtukana kimoyomoyo mpaka nikafika nyumbani.

Mama watoto aliisoma fomu akiwa amesimama jikoni.

"Wewe? Mwindaji? Krismasi kuku namchinja mimi, wewe unajifungia chooni na kufungulia maji usisikie!"

"Afisa akija mwambie napenda kuwinda. Maneno mawili tu."

"Sitadanganya polisi kwenye nchi ya watu. Na hicho kitu kikiingia hapa, mimi silali. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nakitaka hicho kicheko."

Nikamwita mwoga. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, sijawahi kumwita hivyo. Akaiweka fomu mezani, akageukia kuosha vyombo, na tangu jioni hiyo tukawa tunasalimiana tu. Fomu nikaijaza. Kwenye sababu nikaandika: kuwinda swala. Baada ya majuma kadhaa afisa akapiga simu, akasema atakuja Alhamisi.

Wakati wa kungoja sikukaa bure. Kila nikitoka kazini, mama watoto akiwa bado kazini kwake, nilichukua ufagio, nikaugeuza, nikasimama nyuma ya pazia la sebuleni. Mti begani, shavu juu ya mti, pumzi nusu. Nilimpiga msoma mita mara mbili. Nilimpiga jirani aliyekuja kurudisha ngazi yetu, kisha nikatoka nikamshukuru kwa ngazi. Nilikuwa nazidi kuwa hodari, na nilifurahi. Ilinikaa akilini kwamba watakuja, na sehemu fulani ya moyo wangu ilianza kuwangoja.

Wakaja Jumatano, siku moja kabla ya afisa.

Shule ilituruhusu kuondoka mapema kwa sababu ya maandamano. Nilikuwa peke yangu nyumbani niliposikia nyimbo kutoka kule chini kwenye robot, zile taa za barabarani. Nikampigia binti yetu, simu haikupatikana. Nikajiambia afadhali, yuko Berea, hana habari. Nyimbo zikapanda na barabara yetu. Nikaona vichwa, fimbo, mabango. Nikachukua ufagio.

Kundi likafika mbele ya nyumba, likapunguza mwendo. Mtu mmoja akachomoka, kofia nyekundu imeshuka mpaka kwenye nyusi, kitambaa kimefunika pua na mdomo. Akaja moja kwa moja kwenye nguzo yenye alama. Akapitisha mkono kati ya vyuma, akalifikia komeo la ndani bila kupapasa. Mgeni asingejua komeo liko wapi. Hilo nalifikiria leo. Siku ile nilikuwa na hesabu moja tu kichwani. Geti likafunguka, kifua kikasimama katikati ya shabaha, nikashusha pumzi nusu, kidole kikavuta mti.

"Pa," nikasema kwa mdomo wangu.

Akavua kofia. Alikuwa binti yangu.

Akaingia ndani, akanywa maji bilauri mbili bila kukaa. Chuo kilikuwa kimefungwa, akasema, na simu ilizima chaji. Taksi iliwashusha abiria wote barabara kuu, akajikuta kundi linampitia kushoto na kulia. Akaona usalama wake ni kuingia ndani yao. Akaimba nao, kwa Kizulu chake cha shule ya msingi, kwa sauti.

"Mama mmoja aliona natetemeka," akasema. "Akanivisha kofia yake, akanifunga na kitambaa. Akaniambia mwanangu, funika uso, usiseme neno lingine. Amenisindikiza mpaka getini, Baba. Alikuwa nyuma yangu hapo, hukumwona?"

Sikumwona. Macho yangu yote mawili yalikuwa getini, na mtu mzima aliyesimama nyuma ya mwanangu sikumwona.

"Mbona umeshika ufagio?"

"Natoa utando wa buibui."

Akaangalia dari. Dari ilikuwa safi. Nikauachia ufagio ukaanguka, nikalia mbele ya mtoto kama mtu aliyeletewa msiba. Akanishika bega, akidhani ni furaha ya kumwona amefika.

Mama watoto aliporudi nilimwambia yote, mpaka ile "pa". Niliomba anicheke. Hakucheka. Alikwenda chumbani kwa binti yetu, akakaa naye kitandani muda mrefu, kisha akarudi akaufungia ule ufagio stoo.

Afisa alikuja Alhamisi, mwanamke mpole mwenye faili. Nilimfungulia geti mwenyewe. Kule kwenye nguzo wekundu ulikuwa bado unaonekana, na mpaka leo sijui nani aliipaka ile alama wala kama atarudi. Mama watoto akaleta chai na maandazi. Kabla hajaitwa kuhojiwa, nikasema naondoa ombi langu.

Afisa akasema sawa, lakini lazima aandike sababu. Nikamwambia macho yangu hayaoni vizuri.

Akaandika. Akaniuliza ni kuanzia umbali gani.

"Hatua kumi na nne," nikamjibu.