Fungate ya Humaid na Ahali

Ujumbe wa sauti wa Muhanna ulimkuta Nadhira amechutama uani kwake, pale Bidiya ukingoni mwa jangwa, anaanika udi alioukanda kwa maji ya waridi. Aliusikiliza mara ya kwanza, akadhani binamu yake amekosea mtu. Akausikiliza tena.

"Dada, Ijumaa ijayo nitayarishie fungate. Lile hema kubwa la nyuma ya mchanga mwekundu, halafu ile nyumba ya pwani kule Ras al-Hadd. Mwenyewe ni huyo Humaid wako, yeye na ahali. Kaniambia kwa mdomo wake tukitoka msikitini, uso umemwiva kama mwari. Kasema mwambie Mama Ghanim atayarishe, maana mimi mdomo wangu mzito. Basi nakwambia. Mzee kapata akili uzeeni, tushukuru."

Nadhira aliduwaa pale pale, simu mkononi, na kuku wa jirani wakaingia wakaukanyaga udi wote asiwafukuze. Humaid? Mume wake yeye, Humaid wa ngamia, ambaye zawadi aliyomletea mara ya mwisho ilikuwa tangi la maji, tena alilishusha mlangoni bila kusema ni la nini? Alitaka kucheka, akajikuta analia, akajifuta haraka mtu asije akamkuta.

Lazima mjue kwamba Nadhira ndiye anayetayarisha fungate za watu wote katika kambi ya watalii ya Muhanna. Muhanna ana mahema na magari na kipaji cha kupiga picha na wageni, lakini mabwana harusi kutoka Maskati na Kuwait, hata Wazungu wenye pesa zao, wanaorudi kwao wakisimulia, wanasimulia kazi ya Nadhira. Anajua hema lielekezwe wapi ili upepo wa alasiri usiwajaze watu mchanga mdomoni. Anajua nyama ya kuchimbia shimoni ifukuliwe lini, na kahawa iwe na iliki kiasi gani kwa mtu wa mjini ambaye hakuzoea. Taa huzitandaza mbali na kitanda, maana bibi harusi hataki kuonwa vizuri sana siku ya kwanza, na hilo wanaume hawalijui. Akimaliza anapanda gari anarudi kwake kabla maharusi hawajafika. Nyuso zao haoni.

Majina ya mabibi harusi pia haulizi. Mwanamume wa kwetu hamtaji mkewe kwa jina mbele ya wanaume wenzake, ni aibu, ni kama kumtoa nje bila buibui. Atasema ahali. Utamuuliza, "Ahali anakula samaki?" naye atakujibu, "Ahali anapenda papa mkavu." Basi mipango yote huwa ni ya fulani na ahali, na hakuna aliyewahi kukosea.

Fungate yake mwenyewe Nadhira hakuionja. Asubuhi ya pili ya harusi mama mkwe alianguka ngazini akavunjika nyonga, na bibi harusi mwenye hina mbichi akaambiwa akunje mikono ya nguo. Alimwosha mama wa watu, akamgeuza, akamlisha kwa kijiko, na Humaid akarudi kwenye ngamia wake. Hapakuwa na wa kulaumiwa. Baadaye wakaja watoto, na Ghanim, wa kwanza, sasa ni askari huko Maskati, ana watoto wake. Lakini tuseme ukweli: kila waridi alilolimwaga kwenye kitanda cha wengine, Nadhira alilimwaga kwa wivu. Kuna siku alijilaza kidogo juu ya kitanda cha watu, akaona haya, akaamka akatandika upya.

Jioni ile alimpelekea mumewe kahawa barazani na kukaa, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Humaid alikuwa anakung'uta mchanga viatuni.

"Muhanna amenifikishia," Nadhira alisema.

Humaid alikiacha kiatu. Hakumtazama. "Kakwambia yote?"

"Kaniambia. Wewe na ahali. Jangwani, kisha pwani."

"Na wewe unaonaje?"

"Nione nini, Baba Ghanim? Jambo la kheri. Limechelewa tu."

Humaid alimgeukia polepole kama mtu aliyesikia sauti kisimani. "Hukukasirika?"

"Nikasirike kwa lipi? Mwanamke ana haki yake."

Yule bwana alisimama. Akamshika Nadhira kichwa kwa mikono miwili, akambusu utosini, namna tunavyowabusu wazee wetu tukitaka radhi zao. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Sikujua," alisema. "Wallahi sikujua naishi na mtu wa namna hii." Akatoka akaenda zizini na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akamwacha Nadhira na birika lake. Hakuwa amewahi kumwona akilia, hata siku alipozikwa mama yake.

Wiki ile Nadhira alifanya kazi kama mwendawazimu. Alikanda udi mpya, mzito, ule ambao huwa hauuzi. Aliagiza waridi la Jabal Akhdar, halwa ya zafarani kutoka Nizwa, shuka za pamba ambazo hakuna mteja aliyewahi kuziona. Nyumba ya pwani aliichagua ile ya mwisho, iliyo karibu kabisa na maji, ambapo usiku kasa wanapanda kutaga na unawasikia wakifukua. Bahari yenyewe alikuwa ameiona kutoka garini tu. Alimwambia mlinzi wa nyumba kwa simu, "Safari hii nitakuja mwenyewe, nikae," naye mlinzi akamtania kwamba ataifagia nyumba mpaka ichubuke. Alinunua begi jipya jekundu, akapaka hina mpaka kwenye viwiko.

Humaid kila alipomkuta katikati ya mashuka alisimama akamwangalia, akatikisa kichwa, akaondoka kimya. Siku moja alileta bangili ya dhahabu, pana, nzito, akaiweka kwenye sinia ya tende. "Ni yako," alisema. "Unastahili zaidi ya hii."

Raya jirani, aliyekuja kuikagua hina, aliipindua ile bangili mara mbili. "Dhahabu hii kakupa kwa sababu gani?"

"Lazima iwe na sababu? Mume kampa mkewe."

"Mume wangu mimi alinipa ya hivi mara moja tu," Raya alisema, "na unajua ilikuwa lini." Raya huyo alikuwa na mke mwenza, tangu zamani.

"Wewe umezoea shari, shoga yangu. Meza tende."

Raya akameza tende, na mengine akayameza pamoja nayo.

Alhamisi, alasiri, mazulia yameshafungwa mlangoni yakimngoja Muhanna na gari, maana Nadhira alitaka kutangulia kutandika na kulala huko huko, simu ya kambi anayoishika yeye ikalia. Wakati mwingine mabibi harusi hupiga wenyewe, kwa siri, kueleza yale ambayo waume hawayajui. Nadhira alipokea kwa sauti yake ya kazi.

"Samahani dada, nakusumbua," sauti ilisema. Sauti ya upole, ya mtu mzima kidogo, lafudhi ya Sinaw. "Wewe ndiye unayetayarisha mahema? Mimi nimo kwenye fungate ya kesho. Ahali wa Humaid bin Said, Humaid wa ngamia."

"Ahali wa nani?"

"Humaid bin Said. Wa hapo hapo Bidiya."

Nadhira aliketi juu ya mazulia.  Alifikiri ni mzaha, kisha akafikiri kuna Humaid bin Said mwingine, na hapo hapo akajua kuwa wa ngamia ni mmoja, na kwamba mnada wa mifugo wa Sinaw mume wake haukosi hata akiwa na homa. 

"Nilitaka kusema udi mzito unaniumiza kichwa," yule mwanamke aliendelea. "Mwepesi sina neno nao. Tena, usinicheke, bahari naiogopa. Kama kuna nyumba iliyo mbali mbali kidogo na maji."

"Sikucheki," Nadhira alisema. 

"Mungu akuweke. Na kuna jingine, labda utanisaidia. Mke wake mkubwa, Mama Ghanim. Mimi ni mjane, dada, nilikataa kata kata kuingia nyumba ya mtu, nikamwambia mpaka mwenyewe aridhie. Juzi kaja kwetu analia. Kasema mkewe sio tu karidhia, anatutayarishia kwa mikono yake, anakunja mashuka anaimba. Mama yangu kalia, mimi nimelia. Nataka kumpelekea zawadi. Wewe wa hapo, bila shaka unamjua. Anapenda nini?"

Nadhira alifikiri kweli, kama anavyomfikiria mteja yeyote. Hakupata hata kitu kimoja cha kumtajia.

"Namjua," alisema mwisho. "Lakini hilo sijui." Akakata simu, akabaki ameitazama kana kwamba yenyewe ndiyo iliyosema.

Kwanza ilikuja aibu, kabla hata ya uchungu. Aliona mlinzi wa Ras al-Hadd, aliona Raya na tende yake, akaiona hina mikononi. Mwanamke mwenye wajukuu. Angeweza kuingia kaburini kwa miguu yake kama lingekuwa wazi.

Humaid aliingia amevaa kanzu mpya, kilemba kimefungwa vizuri, ananukia. Akaliona lile begi jekundu mlangoni. "Begi la nani hili?"

"Langu."

"Unakwenda wapi? Kwa Ghanim?" Aliuliza kwa huruma, kama mtu anayemruhusu mgonjwa apumzike.

"Fungate," Nadhira alisema. "Muhanna kaniambia wewe na ahali. Mimi ndiye ahali, Baba Ghanim. Sikujua kuna mwingine. Nimejua sasa hivi, kapiga simu mwenyewe."

Yule bwana alilitazama tena begi.  Ilimchukua muda kuipitia wiki nzima kichwani, kahawa, busu, bangili, mashuka, na Nadhira alimwona akiipitia. "Si ulisema moyo wako mweupe," Humaid alisema.

"Sikusema hivyo. Nilisema mwanamke ana haki yake. Nilikuwa najisema mimi."

"Mimi nilimwambia Muhanna akufikishie. Nilishindwa kukwambia usoni. Nilipokuona unafurahi... Nilijua lipo jambo haliendi sawa. Nilijua, lakini lilinifaa, nikaliacha."

"Lilikufaa."

"Lilinifaa, Mama Ghanim. Nisamehe."

Hapo honi ikalia nje, na Muhanna akaingia na funguo kidoleni na maneno yake mdomoni. "Mabibi na mabwana, gari tayari! Bibi harusi yuko wapi nimbebee begi? Leo nabeba mwenyewe, si kila siku dada yangu—" Akaziona nyuso zao, akanyamaza. "Kuna nini? Mtu kafa?"

"Hakuna aliyekufa," Nadhira alisema. "Muulize mwenye fungate anakwenda na nani."

"Na ahali. Na nani tena?"

"Ahali yupi? Amtaje jina."

Muhanna alitazama chini. Mwanamume haulizwi swali hilo mbele ya mwanamume mwenzake, hata mtoto wa Bidiya analijua. "Dada, mambo yenu ya ndani msinitie mimi."

"Umeshatiwa. Wewe ndiye uliyeletewa neno ukalileta kwangu. Nataka usikie na la pili kama ulivyosikia la kwanza."

"Usinivue nguo mbele ya mtu," Humaid alimwambia mkewe kwa sauti ya chini.

"Taja jina tu. Mimi au yeye. Ukinitaja mimi nitapanda gari sasa hivi na hina yangu, na huyo wa Sinaw utamweleza mwenyewe. Ukimtaja yeye, basi nami nitajua."

Na moyo wake, tusifichane, ulikuwa bado unangoja. Miaka yote hiyo alikuwa Mama Ghanim, alikuwa ahali, alikuwa jamaa wa nyumbani, alikuwa wewe. Hata alipojifungua, hata alipougua wakamkimbiza hospitali Ibra na daktari akauliza mgonjwa anaitwa nani, Humaid aligeuka akamwachia Ghanim ajibu. Nadhira hakumlaumu kwa hilo. Alijua ni heshima, alijua kuna wanaume ambao jina la mke haliwapiti kooni mbele za watu, na wa kwake alikuwa mmoja wao.

Humaid alimtazama Muhanna, akatazama mazulia.

"Shamsa," alisema. "Shamsa bint Khalfan."

Lilitoka vizuri tu, bila kukwama, kama jina ambalo mtu analitaja kila siku.