Salamu Niliyomnyima Mama Goreti

Siku ile ya kiwanda cha kufulia pale Bertrams, Johannesburg, haijanitoka, mwanangu, hata harufu yake naikumbuka. Jana ulipokuja kunionyesha kitambulisho chako kipya chenye picha, ukaniambia umepata kazi katika ofisi ya malalamiko, nilifurahi na wewe, kisha nikanyamaza, ukaniuliza mbona nimenyamaza. Ndiyo sababu nimekuita leo. Kaa hapo, chai ipo kwenye chupa, na hiyo simu iweke mbali kidogo.

Unajua mimi ni mtu wa huku na huku. Baba yangu alikuwa mtu wa Soweto aliyekimbilia Tanzania enzi za ubaguzi, mama yangu Mluguru wa Morogoro. Kwa hiyo nilikuja Johannesburg nikiwa na uraia wa baba na Kiswahili cha mama, na ofisi ile ya serikali ilinichukua kwa ajili ya vyote viwili. Kazi yetu ilikuwa kupokea malalamiko ya watu kuhusu mwenendo wa makampuni. Hatukuwa mahakama. Hatukuwa na pingu wala faini. Tulikuwa na meza tu: tunamwita mlalamikaji au anayemsemea, tunaiita kampuni, wanazungumza. Kampuni ikikataa kuzungumza, tunatangaza wazi kwamba imekataa, na wateja wake wakubwa wanasoma. Unacheka? Makampuni yenye biashara na watu wa nje yalikuwa yakiogopa tangazo hilo kuliko polisi.

Mkuu wangu alikuwa mama mmoja Msotho, Mma Dineo, mwembamba, mchache wa maneno, karibu kustaafu. Mimi nilikuwa bado damu inachemka, nikijiona najua kila kitu kwa sababu nimehudhuria semina.

Sasa Mama Goreti. Huyu alikuwa Mrundi aliyeishi utu uzima wake kwenye kambi za wakimbizi kule Kigoma, hadi adabu yake yote ikawa ya Kitanzania. Alipanga chumba mtaa wa Bellevue, akilea wajukuu wawili walioachwa na marehemu binti yake, na katika kanisa letu la Kiswahili ndiye aliyekuwa mkubwa wa akina mama. Kila mtu alimpa shikamoo yake, hata Wakongo ambao kwao salamu hiyo si desturi. Usipompa anakusimamisha palepale mlangoni.

Asubuhi moja akaja ofisini. Niliinuka nimkumbatie, akanizuia kwa mkono.

"Sikuja kwa Lindiwe wa kanisani," akasema. "Nimekuja serikalini. Kaa kwenye kiti chako uandike."

Alikuwa akifanya kazi ya kupiga pasi shuka za mahoteli katika kile kiwanda cha Bertrams, karibu na uwanja wa mpira. Kombe la Dunia lilikuwa linakaribia, mahoteli yote yanajiandaa, na mwenye kiwanda aliogopa shuka mpya zisiibwe. Basi mlango wa nyuma ulifungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo ukawa kwa msimamizi. Siku moja mashine ya kukaushia ikatoa moshi. Watu walikimbilia mlango wa nyuma, wakasukumana, haufunguki. Mtoto wa watu akazirai. Msimamizi alipofika na ufunguo moshi ulikuwa umeshaanza kupungua wenyewe, na kesho yake mnyororo ulikuwa palepale.

"Mwaka jana nilitolewa mtaa wa Alexandra na watu wenye marungu waliofukuza wageni, nyuma yangu kibanda kinaungua," Mama Goreti akaniambia. "Nilipona. Sasa nije nife ndani ya shuka za watalii?"

Aliomba jambo moja tu, jina lake lisitajwe. Msimamizi alikwisha kuwatangazia kwamba atakayepeleka maneno nje ndiye wa kwanza kutoka, na kazi nyingine kwa mama mgeni wa umri ule haikuwepo. Wajukuu wangelala njaa wiki hiyohiyo. Mma Dineo akakubali. Lalamiko likapelekwa kwa jina la shirika moja la kutetea wakimbizi, na waliojua limetoka kwa nani tulikuwa sisi wawili.

Kampuni ilipopata barua yetu haikuuliza habari za mlango. Iliuliza ni nani aliyesema. Mma Dineo hakujibu hilo, akaomba twende tukaone kiwanda wenyewe. Baada ya mivutano wakakubali, kwa sharti kwamba meneja na msimamizi wawe nasi kila hatua.

Ndani ya gari, tukiwa tumesimama kwenye robot, ndizo taa za barabarani, Mma Dineo akanigeukia. "Mle ndani humjui mtu. Umenielewa?"

Nikamwambia nimeelewa. Mwanangu, sikuelewa hata kidogo.

Kile kiwanda kilikuwa na joto la kukukata pumzi. Mvuke juu, maji chini, kelele za mashine hadi kifuani. Meneja alitangulia akieleza hiki na kile, na ubavuni mwangu alitembea yule msimamizi, Mkongo mmoja aitwaye Fidele, nadhifu, mwenye macho ambayo hayakutulia. Hakuwa akitazama mashine. Alikuwa akitazama nyuso za wafanyakazi zinavyonipokea, na uso wangu unavyozipokea. Nikajua amepewa kazi ya kumtafuta mtu, na asipompata huenda yeye mwenyewe hana kazi.

Shida ni kwamba nusu ya watu wa mle walikuwa watu wangu. Binti wa kwaya akaninyooshea mkono, "Dada Lindiwe!" Nikamjibu, ningefanyaje? Mzee mmoja wa Bujumbura nikampa shikamoo yake. Kijana wa Mombasa akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia nzuri. Kila mmoja nilimsalimia. Halafu tukafika kwenye pasi kubwa za roli, na hapo alisimama Mama Goreti, kilemba kichwani, anakunja shuka. Nikakaza shingo, nikatazama mbele, nikampita.

Hatua chache tu, Fidele akasimama.

"Lakini madame, miye naona kitu," akasema kwa sauti ya upole. "Umesalimia watu yote. Ule maman pale umemupita. Juu ya nini? Hamujuane?"

Nilijua papo hapo nilichokifanya. Nimemwonyesha kwa kidole bila kuinua kidole. Mswahili gani anampita mama mwenye umri ule bila kumwamkia, tena baada ya kuwaamkia wengine wote? Fidele hakuhitaji cheti cha upelelezi, alikuwa Mkongo aliyezoea watu wetu, anajua. Meneja akageuka, akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Mma Dineo naye akanitazama. Nikawaona wale wajukuu wawili na mabegi yao ya shule, nakwambia kweli, niliwaona.

Ndipo shuka ikatupwa juu ya meza, pwaa!

"Eheee! Fidele, Mungu akubariki, umeuliza wewe! Mimi nilikuwa nameza tu!" Mama Goreti alikuwa anakuja, mikono kiunoni, sauti juu ya mashine zote. "Muulize! Muulize huyu mtoto! Kanisani tunakaa benchi moja. Mama yake wa Morogoro tunasalimiana kwenye simu. Leo kavaa koti la serikali, ananipita kama nguzo ya robot! Wee Lindiwe, nimekukosea nini? Shikamoo inauzwa siku hizi?"

Kiwanda kizima kikageuka. Dada mmoja wa Kizulu akamuuliza mwenzake bibi anasema nini, akaambiwa, akapiga makofi. "Eish, gogo amekasirika!" Gogo kwao ni bibi. Kicheko kikaenea mashine kwa mashine.

"Samahani, mama," nikasema, na sauti yangu ilitetemeka bila kuigiza. "Shikamoo."

"Kaa nayo!" akasema. "Siitaki tena."

Akanipa mgongo, akarudi kwenye shuka zake. Fidele alicheka na yeye, cheko la mtu aliyepumua. Akamweleza meneja kwamba ni mambo ya wanawake wa kanisani. Meneja akatazama saa yake, tukaendelea kwenda nyuma, na huko tukaukuta mnyororo. Meneja akasema mchana unafunguliwa wakati wowote, ni suala la kuomba ufunguo tu. Mma Dineo akasema vizuri, naomba. Fidele akaingiza mkono mfuko huu, akaingiza mfuko ule, akapapasa koti, akarudi mfuko wa kwanza. Mma Dineo alisimama tu akimtazama anavyohangaika, na meneja akaacha kutabasamu.

Kwenye gari nilimweleza mkuu wangu yaliyosemwa kwa Kiswahili.

"Usimwendee leo," akasema. "Wala wiki hii."

Nilidhani tabu yangu imeishia kiwandani. Jumapili, baada ya ibada, nilimfuata Mama Goreti nikainama. Akanitazama kama hanioni. Alipokuwa akinipita aliniambia kwa chinichini, midomo haichezi, "Shemeji yake Fidele ameketi nyuma yako." Ikawa hivyo. Tuligombana, na ugomvi ulipaswa kuendelea, maana ungeisha haraka yule bwana angejiuliza.

Usidhani ilikuwa mchezo mwepesi. Ilikuwa miezi. Watu walinibandika jina, Madamu Serikali. Niliingia mahali, mazungumzo yanakatika. Mama yangu akanipigia kutoka Morogoro akilia, kwamba amesikia mwanawe amekuwa hana adabu ugenini, nami sikuweza kumwambia lolote. Akina mama wa kanisa wakaitisha kikao cha kutupatanisha. Nilipiga magoti mbele yao wote. "Shikamoo, mama." Mama Goreti akasema moyo wake bado, akachukua mkoba wake akaondoka. Wallahi niliumia. Nilikwenda nyumbani nikalia kama mtoto, kwa sababu sikuwa tena na hakika kama anaigiza.

Huku ofisini meza ilifanya kazi yake, polepole kama kawaida ya meza. Kampuni ilidai mara nyingi iletewe huyo mlalamikaji "ili tuelewane naye", na kila mara Mma Dineo alijibu kwamba tunazungumzia mlango. Mahoteli yakasikia, yakaanza kuuliza. Mwishowe kampuni ikasaini makubaliano. Mnyororo ukakatwa, ukawekwa mlango wa kusukumwa kutoka ndani, na ikaandikwa kwamba hakuna atakayeguswa kwa kusema. Mpaka leo Fidele hajui ni nani.

Suluhu yetu haikuja Jumapili ile, wala iliyofuata. Mama Goreti alisubiri mpaka watu wakaacha kuuzungumzia ule mlango. Kisha siku moja, uani kanisani, watu wamejaa, wanakunywa chai, nikamkuta amesimama njiani mwangu makusudi. Nikainama kama nilivyozoea, nikijua nitarudi mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

Aliniacha pale chini kidogo. Halafu nikausikia mkono wake kichwani.

"Marahaba, mwanangu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Tulipokaa pembeni nilimuuliza, nikicheka na machozi yananitoka, kwamba siku ile kiwandani alikuwa anaigiza au alinikasirikia kweli.

"Kelele zilikuwa za kumziba macho Fidele," akasema. "Hasira ilikuwa yangu. Uliponiona ulikaza shingo kama umeona mgonjwa wa kuambukiza. Mimi nilikuletea habari za mlango, Lindiwe. Sikukuletea utu wangu uutunze kabatini."

Hayo ndiyo niliyokuitia, mwanangu. Watu watakuja kwenye dawati lako wakitetemeka, na utafundishwa namna ya kuficha majina yao. Jifunze, ni lazima. Ila usimfiche mtu hadi ukamfuta. Ukikutana naye sokoni Newtown au kazini kwake, mtendee kama unavyowatendea wengine wa rika lake, hapo hakuna jicho litakalomchomoa. Mimi nilimtazama Mama Goreti nikaona lalamiko, na kidogo nimtoe kwenye kazi yake kwa bidii yangu ya kumlinda. Tena ujue kulinda siri ya mtu kuna gharama yake, wakati mwingine unailipa kwa jina lako mwenyewe, na huruhusiwi kujitetea. Ikifika zamu yako, vumilia, usitafute wa kumweleza.

Nenda basi. Mungu akupe ulimi mzito na macho mepesi kuona watu. Kila atakayekuja kwako akilalamika, atoke mzima, na kazi yake aikute. Mkuu wako awe kama Mma Dineo. Na kesho, kabla hujaripoti, pitia Bellevue kwa Mama Goreti. Amezeeka sana, masikio hayasikii vizuri, lakini salamu bado anaidai. Inama mpaka chini, mwamkie kwa sauti, na usiinuke mpaka ameitika.