Sungura wa Kinue Hutazama Nyuma

Sungura wote wa Kinue walitazama nyuma. Kwenye mabakuli, kwenye sahani, kwenye vikombe vya chai, walikuwa wakikimbia kwenda mbele huku shingo imegeuka, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Wanunuzi waliokuja Tobe, mji wa wafinyanzi kusini mwa Japani, kutafuta vyombo waliwapenda kwa ajili hiyo. Walisema ni wachangamfu. Kinue aliinamisha kichwa na kushukuru, maana mtu akishatoa pesa yake huna sababu ya kubishana na macho yake.

Kazi hiyo ya kuchora vyombo aliifanya tangu usichana, katika karakana iliyo chini ya mlima wa michungwa, akikaa dirishani pamoja na Hatsue, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, ambaye yeye alichora samaki. Kazi yenyewe haina msamaha. Bakuli likishachomwa mara ya kwanza hunywa rangi papo hapo, na ukikosea huna pa kufutia. Mume wa Kinue, Shigezo, alikuwa mfinyanzi wa hapohapo, mtu wa maneno machache na mikono mizito, na mabakuli yake yalikuwa manene kama yeye mwenyewe. Watu wa Tobe hujisifu kwamba mume na mke wakigombana na kurushiana vyombo, vichwa hupasuka kwanza.

Unene huo ndio uliowatia aibu siku ya harusi ya binti yao.

Binti alikuwa mmoja tu, Minori. Alikuwa na bakuli lake la wali tangu alipoota meno, kama kila mtu alivyo na lake katika kila nyumba ya huko. La baba ni la baba, la mama ni la mama, na mgeni hupewa la wageni. La Minori lilifinyangwa na Shigezo na kuchorwa na Kinue: sungura mmoja anakimbia, macho mbele. Siku aliyoondoka kwenda kuolewa Aomori, kaskazini kabisa kwenye theluji, kwa wakulima wa matufaha, desturi ilitaka bakuli lile livunjwe kwenye jiwe la mlangoni. Likivunjika, bibi harusi hana tena chombo cha kulia kwao, na ndoa yake itatulia. Shigezo akalirusha. Likagonga jiwe, likadunda, likabingirika hadi kwenye majani, zima.

Wageni wakacheka. Shangazi mmoja akataka lirushwe tena. Kinue alikuwa ameshaliokota na kulificha ndani ya mkono wa kimono, akasema limepasuka, inatosha. Alikuwa ameona vizuri kwamba mume wake hakulilenga jiwe. Alilenga majani, na jiwe liliguswa kwa bahati mbaya tu. Hawakuizungumza habari hiyo mpaka Shigezo anakufa. Lakini tangu wiki ile, sungura wa Kinue walianza kugeuza shingo.

Minori alikuja kwa nadra. Hata kwa mazishi ya baba yake hakukaa, aliwahi mavuno. Kila mwaka sanduku la matufaha lilifika kutoka kaskazini, na kila mwaka Kinue alirudisha sanduku la machungwa. Hamu ya mwanawe haikumwisha. Ilimjia akipika wali wa mtu mmoja, ilimjia akisikia basi linasimama pale chini. Na kwa kuwa binti aliyeolewa harudi kukaa kwao isipokuwa mambo yameharibika, kila hamu ilipomshika Kinue alijiona kama mama anayemwombea mtoto wake mabaya. Bakuli lilikuwa kabatini, nyuma ya yale ya wageni. Alilitoa, akalipangusa vumbi, akalirudisha.

Kisha mwaka mmoja, machungwa yakiwa yameanza kupata rangi, Minori akashuka kwenye basi na begi moja. Alisema amekuja kupumzika kidogo. Kesho yake akasema yote. Hawakujaliwa mtoto, mama mkwe alikuwa amemtolea maneno mbele ya vibarua wa shamba, na mume wake, Yasunori, alikuwepo. Yasunori aliinama kufunga kamba za viatu.

"Angesema neno moja tu, mama," Minori akasema. "Hata la kijinga."

Bakuli la sungura likatoka kabatini. Minori alipoliona alilishika kwa mikono miwili, akashangaa kwamba kumbe halikuvunjika. Kinue akamwambia hiyo ni kazi ya baba yake, na hapo hakusema uongo. Wiki zilizofuata alikuwa na furaha ya kuonea haya. Nyumba ilinukia supu ya miso ya watu wawili. Waligombania achari ya figili, wakamsengenya Hatsue mpaka wakashika mbavu. Hatsue naye, kule karakanani, alimuuliza, "Dada, siku hizi unaimba kazini. Umepata mchumba?"

Yasunori alipiga simu kila jioni. Minori hakutaka kuipokea, ikawa kazi ya Kinue. Mkwe huyo hakuwa msemaji. Aliuliza kama mke wake anakula, kama analala, akaaga. Halafu jioni moja alifunguka. Alisema amegombana na mama yake, wamegombana hasa, na amehama nyumba kubwa. Ametengeneza vyumba juu ya ghala la matufaha, kuna jiko, kuna dirisha linalotazama mlima. Minori akitaka kurudi, ni pake. Asipotaka, ataelewa. Kinue akasema atamwambia.

Hakumwambia. "Anakusalimu," alisema, akakaa kula.

Kesho yake hakusema, wala kesho kutwa. Alijipa sababu zake: wanaume ni mabingwa wa kuahidi, baridi ya Aomori si ya kuchezea, mtoto bado amekonda. Yasunori akadhani kimya kile ndilo jibu, akaacha kupiga. Jioni ya kwanza bila simu Minori alikula polepole. Ya pili aliipangusa meza ya simu, akaipangusa tena, ingawa haikuwa na vumbi. Asubuhi Kinue alitoka chumbani akamkuta amesimama na mkono wa simu sikioni, hajabonyeza namba yoyote, anasikiliza mlio mtupu. Kinue aliitazama ile shingo iliyopinda. Alikuwa amezichora shingo za namna hiyo miaka na miaka, hakuhitaji kuelezwa.

Wakakaa kula. Minori alipomaliza wali wake, Kinue akalichukua bakuli na kutoka nalo mlangoni. Minori akamfuata, akiuliza analipeleka wapi.

"Mumeo amehama kwa mama yake," Kinue akasema. "Ana vyumba juu ya ghala, anakungoja. Aliniambia nikuambie, nami nikakunyima."

"Alisema lini?"

"Alishasema. Nilijua nikikuambia utakwenda, na mimi nitakula peke yangu tena."

Akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akaupiga ukingo wake kwenye pembe ya jiwe, kama mtu ajuaye chombo hupasukia wapi. Kazi ya Shigezo ikagoma. Ilibidi apige tena, sasa akilia waziwazi, ndipo lilipopasuka.

Minori alichuchumaa kando ya vipande. "Sasa nikija nitakula katika bakuli gani, mama?"

"La wageni," Kinue akasema. "Yapo mengi. Nimeyachora mwenyewe."

Mchana Minori alikwenda kupanda basi. Kinue hakumsindikiza hadi kituoni, kwa sababu hakujiamini. Alikwenda kazini, akachovya brashi, akachora. Hatsue akachungulia, ndivyo alivyozoea, akaona sungura ambaye macho yake yako mbele, masikio yamelala kwa mbio.

"Huyu vipi, dada? Mbona hageuki?"

"Ana haraka," Kinue akasema. "Anakwenda kwake."

Hatsue akarudi kwenye samaki wake. Basi likapita chini ya dirisha. Kinue aliweka brashi chini, akageuza shingo, akalitazama mpaka likaishia kwenye michungwa.