Kolone Imepinda

Lawama ya kwanza ilimwangukia fundi wa cherehani. Gauni langu la komunyo ya kwanza lilipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kumeza maneno, alimrudishia fundi akamwambia ajifunze kupima kabla ya kukata nguo za watu. Fundi akafumua pindo, akalishona upya mbele yetu. Nilipolivaa, likapanda vilevile. Tulipofika nyumbani mama akanivua, akanigeuza nitazame ukuta, akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo wangu kutoka shingoni hadi kiunoni. Kidole kilikwenda kushoto, kikarudi. Hakumwomba fundi radhi.

Hiyo ilikuwa Nyakabere, katika tambarare ya Ruzizi, miaka ile ya hamsini. Mama alikuwa mjamzito. Nyumbani kwetu binti mkubwa ndiye aliyepewa mtoto mchanga amheke, yaani amfunge mgongoni kwa nguo na kutembea naye, mara tu shingo ya mtoto inapokaza. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kuliko komunyo yenyewe, Mungu anisamehe. Sasa shangazi, dada wa baba, akaja kunikagua kama mtu anayenunua mbuzi, akasema nikiwa nimesimama palepale, "Mugongo ya vile haiwezi kuheka mutoto. Ataanguka." Akaongeza kwamba hakuna mwanamume atakayeniposa. Nilimchukia shangazi kwa moyo wangu wote, na sidhani kama nimemaliza.

Mgongo ulikuwa ukiniuma pia, hasa jioni, kwa hiyo mama alinipeleka hospitali Uvira. Tulipanda kamyo ya pamba, tukakaa juu ya magunia. Daktari Mzungu aliniinamisha, akanibonyeza huku na huku, akazungumza Kifaransa na muuguzi wake, na muuguzi, mtu wa kwetu aliyevaa kaptula nyeupe, akamgeukia mama.

"Munganga anasema kolone iko imepinda. Ni hiyo inaleta maumivu."

Muuguzi alimaanisha uti wa mgongo, kwa jina lake la Kifaransa. Lakini kijijini kwetu Kolone alikuwa ni yule Mzungu mwenye mashamba makubwa ya pamba, ambako hata sisi watoto tulikwenda kuchuma na kubeba mizigo msimu ulipofika. Na Kiswahili chetu hakina habari za ngeli: iko ni ya mtu, iko ni ya mbuzi, iko ni ya sahani. Hakuna kitu katika sentensi ile ambacho kingemshtua mama. Alitikisa kichwa tu taratibu, kama anayesikia jambo alilolijua siku nyingi.

Nyumbani alimwambia baba kila kitu. Baba akatoa kiko mdomoni.

"Muzungu anasema vile juu ya muzungu mwenzake?"

"Tena mbele ya watu."

Sijapata kumwona baba akifurahi namna ile kwa sababu ya ugonjwa wa mtu. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuieleza habari. Tangu siku hiyo mtu akiumwa goti, ni Kolone iko imepinda. Maharagwe yakikataa kuiva, ni Kolone. Mimi nikapigwa marufuku kukanyaga shamba la pamba, na wenzangu walipokwenda kuchuma juani nilibaki kivulini nikijiona mgonjwa wa maana.

Mama aliporudi nami hospitali baadaye, akaeleza jinsi tulivyomkimbia Kolone, muuguzi alicheka hadi akashika meza. Kisha akamwekea mama kidole kwenye mgongo wangu, mfupa mmoja mmoja, akisema, "Hii ndiyo kolone, mama." Akasema kuna plasta ya kunifunga kutoka kwapa hadi nyonga, lakini iko Bukavu, na ningelala huko miezi. Baba alipoelezwa hakutikisika. Alisema muuguzi ametishwa, amegeuza maneno. Alishikilia hivyo hadi anakufa. Madaktari wa siku hizi wameniambia mzigo haupindi mgongo wa namna yangu, kwamba hupinda wenyewe mtoto akiwa anakua, na ninawaamini. Hata hivyo kosa la mama liliniepusha na pamba, na nalipenda hadi leo.

Bukavu haikuwezekana. Mama alikuwa karibu kujifungua na hapakuwa na mtu wa kulala nami hospitalini. Nikapelekwa Makobola, kwa shangazi wa mama aliyekuwa akikanda watu mifupa. Nilimwita koko, ndivyo tunavyowaita bibi zetu.

Nyumba yake ilikuwa karibu na maji ya ziwa kiasi kwamba ukifungua mlango unakanyaga ndagala, dagaa wa kwetu, walioanikwa mchangani. Kila asubuhi alipasha mawese moto kwenye kigae, akanilaza kifudifudi juu ya mkeka, akashuka mgongoni kwangu kwa vidole gumba viwili. "Pumua. Pumua mu hii upande inalala." Baadaye alinining'iniza kwenye boriti hadi viganja viwake moto, kisha akanilaza ubavu juu ya mkeka uliokunjwa. Alikuwa akinisimulia habari za mumewe aliyevuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta kazi na ambaye, kwa maelezo yake, bado alikuwa njiani akirudi. Mfupa ukilia ka, alinyamaza.

"Umesikia? Imerudi mu nafasi yake."

Haikuwa imerudi. Nilijua kwa gauni, maana pindo halikuwahi kukaa sawa. Lakini maumivu yalikuwa yakipungua, na nilikuwa nalala usiku kucha nikinuka mawese na samaki. Nikikumbuka utoto wangu, siku hizo ndizo zinazokuja kwanza, na huwa nazitamani.

Siku moja nilichoka na subira. "Koko, itanyooka?"

"Minye sinyooshi muntu. Minye ninalegeza. Weye unataka kunyooka ya nini, uko mulingoti ya bendera?"

Nikamwambia nataka kumheka mtoto wa mama. Na kwamba shangazi alisema nitamwangusha. Nililia, sikuona haya.

Koko alifuta mikono. Akatwaa kifuko cha unga wa muhogo, akanifunga mgongoni. "Tembea." Nikatembea, kifuko kikateleza kushoto kikaning'inia ubavuni. Akasonya, akafungua, akafunga tena, safari hii nguo ikianzia chini ya bega lililoinuka. Kikateleza kidogo. Tangu hapo kila kukandwa kuliishia kwa kuheka unga. Nilipita kati ya ndagala, wanawake wakiniuliza mtoto wangu anaitwa nani.

Niliporudi Nyakabere mdogo wangu alikuwa amekwisha kukaza shingo, naye alikuwa mgongoni kwa binti wa shangazi. Nilimkuta mama akitwanga. Niliinama ili anione mgongo, nikahisi kidole chake kikishuka, kikienda kushoto, kikirudi.

"Haikunyooka," alisema.

"Haikunyooka, mama. Haiumi tena. Nipe mutoto."

Mama akaegemeza mchi kwenye kinu. Alikwenda kumchukua mtoto, akamlaza juu yangu, nami nikamwonyesha nguo ianzie wapi. Mtoto akateleza kushoto, akapata shimo chini ya bega langu, akaweka shavu humo, akatulia.

Nikatembea. Nilipita mbele ya nyumba ya shangazi polepole sana, nikarudi, nikapita tena. Nikaenda hadi barabara ya Kamanyola. Mtoto akanikojolea, joto likanishuka mgongoni likifuata ulikopinda, na sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena, ingawa nimeolewa na nimezaa. Mama akaniita kutoka uani nirudi, mtoto anyonye. Akaita tena. Nikajifanya sisikii.