Waya Uliopita Kibanjani

Mama alitaka kitu kimoja tu: kumwona dada yangu usoni. Dada ameolewa mbali, na nyumbani kwa mama, huku Nyabiyonza, mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Sura inaganda, sauti inakatika. Kwangu, upande wa pili wa kibanja chetu cha migomba, unashika vizuri. Nikanunua ruta, nikaiweka dirishani nikidhani nimemaliza kazi. Migomba iliyo katikati ikameza mtandao wote.

Basi nikaamua kuvuta waya hadi kwake na kumwekea sebuleni kifaa kidogo cha kurusha wai-fai. Fundi wa Kihanga aliniambia ninunue waya wa nje, niupitishe kwenye bomba la plastiki, nichimbe mpaka mkono uzame hadi kiwikoni. Mimi na ujuaji wangu nikachukua waya wa ndani, nikachimba kina cha kiganja, nikafukia na kutandaza nyasi juu. Mama alikuwa kanisani. Aliporudi sikumwonyesha waya unapita wapi, maana nilijiona ndiye mtaalamu.

Jumapili tatu walionana, mama akicheka peke yake sebuleni. Ya nne, kimya. Nilifuata waya hatua kwa hatua, nikaukuta umekatwa chini ya nyasi, alama ya jembe kando yake. Mama analima kibanja hicho kila asubuhi tangu sijazaliwa. Angeacha kulima kwa sababu gani?

Nilifoka. Mbele ya jirani aliyekuja kuomba mkungu wa ndizi, nilimwambia mama yangu kuwa hana akili. Najuta hata kuliandika.

"Nisamehe, waitu," alisema, akinisihi kwa neno letu la heshima. "Sikujua."

Wiki ile ile nilinunua waya wa nje, nikaupitisha juu, nguzo hadi nguzo, nikamwita auone. Nikamwomba radhi. Akasema yamekwisha, na Jumapili akamwona dada.

Juzi nilimkuta mama amepiga magoti kwenye mstari ule wa zamani, aking'oa magugu kwa vidole. Jembe alikuwa ameliegemeza mbali, kwenye ukuta wa jiko. Magoti yake ni mabovu, hata kanisani siku hizi anasali ameketi.

"Shikamoo mama. Mbona hulimi? Waya si uko juu?"

"Marahaba. Najua, uliniambia," akajibu bila kuinua uso. "Lakini huenda ulisahau mwingine humu chini."