Mkristo wa Kwenye Daftari

Kansuke alikuwa mtoto wa siku arobaini baba yake alipoikanyaga sanamu ya shaba ya Kristo mbele ya maofisa wa jimbo la Bungo, akaikana imani yake iliyokuwa imepigwa marufuku. Siku hizo arobaini ndizo zilizomponza. Sheria ilisema kwamba mtoto aliyezaliwa kabla baba hajakana ni Mkristo sawa na baba, na aliyezaliwa baadaye ni jamaa tu. Kwa hiyo mdogo wake Denzo, wa mama yuleyule na nyumba ileile, aliandikwa katika daftari la hekalu "jamaa ya Mkristo", na Kansuke akaandikwa "Mkristo mwenyewe". Aliishi chini ya maandishi hayo miaka sabini na moja.

Hakujua hata sala moja ya Kikristo. Kila asubuhi alipiga magoti mbele ya madhabahu ndogo ya nyumbani na kulitaja jina la Amida, kama alivyofundishwa hekaluni. Kazi yake ilikuwa kupasua mafunjo na kusuka mikeka, naye hakupeleka sokoni mkeka wenye kasoro. Watu walimheshimu kwa kazi hiyo, lakini hawakuacha kumtania.

"Padri, mkeka wangu umefika wapi?"

"Umefika mbinguni. Tangulia, nitakuletea hukohuko."

Alicheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka angeshukiwa. Lakini akitaka kulala kijiji kingine usiku mmoja, ilibidi aandikiwe ruhusa. Alipooa, iliandikwa. Binti yake Oshige alipozaliwa, mtawa wa hekalu aliandika jina la mtoto chini ya lake, kwa wino uleule.

Kansuke aliyavumilia yote hayo, ila jambo moja lilimtisha. Maiti ya mtu kama yeye haikuzikwa mpaka ofisa wa kasri aje kuikagua na kuithibitisha, na katika kumngoja ofisa iliwekwa ndani ya pipa na kujazwa chumvi. Mkewe alikuwa amezikwa siku ya pili, ameoshwa, majirani wamemsindikiza. Yeye angekaa kwenye pipa kama samaki.

"Oshige," alisema majira ya baridi alipoanza kukohoa damu, "nisitiwe chumvi. Nizikwe karibu na mama yako, siku ya pili, kama watu."

"Hutatiwa, Baba."

Hakuwa na uwezo wa kutoa ahadi hiyo. Aliitoa kwa sababu alimpenda, na mapenzi yasiyopima uwezo huwaumiza wengi.

Oshige alimwendea jirani yao, Bi Onui, mjane aliyekuwa akija kila siku kumlisha mgonjwa uji. Katika daftari ukoo wa Onui ulikuwa safi. Lakini Oshige alipokuwa na miaka tisa, siku ya kukanyaga sanamu, ambayo kila mwaka kijiji kizima kilithibitisha kwamba si Wakristo, alimwona nyuma ya nyumba akiosha miguu yake ndani ya bakuli, kisha akayanywa yale maji huku analia. Alipomweleza mama yake, alifinywa sikio. "Hukuona kitu," mama alimwambia. Baadaye alielewa mwenyewe: Onui alikuwa Mkristo kwa siri.

"Bi Onui, ofisa atakuja na sanamu mpaka kitandani kwa Baba," alisema. "Nitamwomba afute lile neno. Wewe unajua Mkristo yukoje. Unajua Baba si Mkristo."

Onui aliendelea kupepeta mchele. "Mimi najua nini, mwanangu? Mimi bibi kizee, najua uji."

"Neno moja tu, Bi Onui."

"Nikilisema wataniuliza nimelijuaje." Aliweka ungo chini. "Nina wajukuu kumi na mmoja. Usiniombe tena."

Siku ya kukanyaga ilifika, na baada ya kijiji kizima kupita, ofisa Mikuriya alikuja na ile sanamu imefungwa kwa kitambaa. Ryoen, mtawa wa hekalu, alimfuata na daftari. Onui alikuwa ameketi kando ya mgonjwa na bakuli la uji. Ofisa aliiweka sanamu kwenye mkeka, na Oshige akauinua mguu wa baba yake, mwepesi kama fimbo, akaukandamiza juu ya uso wa shaba uliokwisha kulika kwa nyayo za watu.

"Imetosha," Mikuriya alisema. Hakuwa mtu mkali. "Pole, mzee."

"Bwana," Oshige alisema, paji la uso likigusa sakafu, "amekanyaga tangu utotoni, hakukosa hata mwaka mmoja. Kila asubuhi anamwomba Amida. Mtawa huyu hapa shahidi."

Ryoen alikohoa. "Ni kweli, anasali vizuri kuliko wengine niwajuao. Lakini mimi naandika nilichorithi."

"Si Mkristo, bwana. Akifa, tunaomba azikwe kama watu."

Mikuriya aliuliza: "Unasema si Mkristo. Mkristo yukoje?"

Oshige alibaki ameinama.

"Nakuuliza kwa wema. Ukinieleza Mkristo anaamini nini, anasali vipi, anajulikana kwa lipi, nitalinganisha na baba yako. Lakini kabla ya hapo utaniambia umeyajuaje, na kwa nani."

Kijiko cha Onui kiligonga ukingo wa bakuli. Oshige hakugeuza shingo. Alijua kwamba akiangalia upande ule mara moja tu, ofisa naye ataangalia.

"Na wewe, bwana," alisema taratibu, "unajua yukoje?"

Ryoen alifumba macho. Lakini Mikuriya alijibu tu, "Mimi sihitaji kujua. Nina daftari. Haya, nijibu."

"Sijui, bwana."

"Basi huwezi kumkanushia." Aliifunga sanamu yake, akaondoka.

Kansuke alikuwa amesikia yote. "Umejibu vizuri," alimwambia binti yake. Hakulitaja tena jambo lile. Siku kumi na moja baadaye alikufa, na kabla mwili haujapoa mzee wa kijiji alileta pipa na magunia ya chumvi. Onui ndiye aliyeimwaga chumvi, taratibu, kuanzia miguuni, na alipofika usoni alishindwa. Oshige alimalizia.

Ofisa alifika siku ya sita. Aliikwangua chumvi, akautazama uso, akalinganisha umri na daftari, akasema ndiye.

Walimzika karibu na mkewe. Watu walipokuwa wakiteremka, Onui alibaki nyuma na Oshige.

"Babu yako alirudi kwetu mwaka uleule aliokana," alisema kwa sauti ya chini. "Alimbeba baba yako, akingali mchanga, akaomba apokewe. Nilikuwa na miaka sita, nimesimama nyuma ya baba yangu. Baba alimfungia mlango. Akamwambia, wewe si wetu, na mwanao si wetu."

"Kwa sababu alikanyaga?"

"Tulikanyaga sote. Yeye alitaja majina. Watu wanne waliuawa."

"Mtoto wa siku arobaini alitaja jina la nani?"

Onui aliinamia kaburi, akaupigapiga udongo kwa kiganja.

"Mlijua si Mkristo," Oshige alisema. "Mlijua kuliko ofisa, kuliko mtawa. Silalamiki kwamba hukumwambia ofisa, hilo nimekubali. Lakini majira yote ya baridi umemlisha uji mkiwa wawili tu chumbani. Ungemnong'oneza yeye kwamba si Mkristo."

"Niliogopa."

"Mimi pia."

Chini ya kilima Ryoen alikuwa akingoja, daftari limefunguliwa juu ya goti. Lazima mtoto wa Mkristo aandikwe upya, kuwa jamaa ya Mkristo, baba anapokufa. Aliuliza umri kwa upole, kama mtu anayeomba radhi.

"Thelathini na nane," Oshige alisema, akasimama pale mpaka wino ukakauka.