Nilivyofungiwa na Kuku Waliochanjwa

Juni iliyopita mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye akili zangu timamu, nilifungiwa bandani pamoja na kuku.

Sikuwa nimeiba. Nilikuwa nimechanjwa mafua.

Aliyenifungia ni cucu Wangare, nyanya yangu aliyenilea hapa Bondeni. Mwaka uliotangulia, mafua makali yalimlaza wodini akapumulia mashine. Baridi ilipokaribia tena, nilimsihi achanjwe.

"Nilishapona," alinijibu. "Mwenye nguvu hadungwi."

Basi nikatangulia kuchanjwa mimi, ili ajionee kwamba hakuna ubaya.

Kumbe najichimbia shimo. Asubuhi mkono uliniuma, na joto likanipanda kidogo.

"Si nilikwambia? Umeenda kudungwa mafua. Ingia hapa."

"Cucu, virusi vya sindano vilishauawa. Huu ni mwili unajifunza tu."

"Ujifunzie bandani."

"Na nikiambukiza kuku wako?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mjinga. "Hawa nimewachanja. Huwezi kuwafanya kitu."

Hoja yangu mwenyewe ndiyo iliyonifungia mlango.

Blanketi niliruhusiwa. Cucu habishiwi.

Bondeni habari hazina breki. Chai haijapoa, jirani yetu Ruqaiya alikuwa ameshachungulia kwenye wavu.

"Niaje, Abby. Leo umetaga mangapi?"

Kando yangu alisimama Meneja, jogoo kipenzi cha cucu, akinikagua kama bosi anayekagua kibarua mpya.

Kesho yake niliamka mzima kabisa. Aliyekuwa hoi ni Meneja: shingo imepinda, anahema, mabawa yanaburura chini. Ilikuwa kideri, ugonjwa wa kuku usio na tiba.

Cucu alishika kichwa. "Kasichana, umenimalizia Meneja."

"Mbona wengine wote wanakula?" Ruqaiya akauliza kutoka nje. "Mathe, siku ya chanjo, nani alikushikia kuku ukiwatia matone machoni? Si ni mimi? Meneja sikumshika."

"Alikuwa na nguvu," cucu akasema polepole. "Niliona hahitaji."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia. Nadhani naye aliyasikia, maana mkono wake ulipanda wenyewe ukashika kifua.

Meneja alikufa jioni hiyo, tukamzika nyuma ya sukuma wiki. Cucu alimwimbia tenzi, beti zote.

Siku iliyofuata, bila kusukumwa na mtu, alivaa koti lake la kanisani akaenda kliniki kudungwa.

Nilijiona mshindi hadi asubuhi ya pili, nilipomkosa nyumba nzima. Nilimpata bandani, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mlango ameufunga kwa ndani.

"Cucu, toka. Huwezi kuambukiza mtu."

"Mkono unauma. Sheria ni sheria. Niletee chai."

Ruqaiya alikuwa tayari kwenye wavu. "Mathe, na wewe umetaga?"

Ndugu msomaji, chanjo ya mafua haikupi mafua, na nguvu za mwili si kinga. Meneja alikuwa na nguvu kutushinda sote.

Baridi ilipita, cucu hakulazwa. Mwaka huu tutachanjwa tena, maana mafua hubadilika.

Ameshafagia banda, nafasi ya watu wawili.